Redio Haisafiri na Betri

Masika yanapoingia Kasulu, ukungu hushuka kutoka mlimani kabla ya alfajiri ukaketi mjini, na hauna haraka ya kuondoka. Kuna asubuhi ambazo Zuhra binti Gharibu hufungua milango ya duka lake asiuone upande wa pili wa barabara. Husikia kengele za baiskeli, husikia wauza ndizi wakisalimiana kwa Kiha, mwakeye, mwakeye, lakini watu wenyewe hawaoni, ni sauti tu zinazopita ndani ya pamba. Alikwisha kumwambia mama yake kwamba mji wa namna hiyo unamfaa. Kazi yake nayo ni kusikiliza vitu visivyoonekana.

Duka lilikuwa la baba yake. Mzee Gharibu alipanda kutoka Ujiji na marobota ya kanga, akayauza Kasulu miaka thelathini, na alipofariki rafu zake zilibaki na harufu ya kitambaa kipya. Siku hizi rafu hizo zimelaza kompyuta. Zuhra hupiga picha za pasipoti, hutoa fotokopi, na kwenye meza ya nyuma hutengeneza mashine zilizokufa. Baba yake alikuwa akipima ubora wa kanga kwa kufumba macho na kuisugua kwa kidole gumba. Binti amerithi kufumba macho. Diski ikiletwa na ugonjwa, yeye huiwekea sikio, akafumba, akaisikiliza inavyozunguka.

Tena alikuwa na sidii yake. Aliitengeneza mwenyewe mwaka 2011 alipokuwa akisoma Mwanza, akaiandika kwa wino wa kijani neno moja: AMKA. Kompyuta ikigoma kuwaka, unaitia sidii, nayo inaiwasha mashine kwa nguvu zake, inaitafuta diski, inayatoa yaliyomo kabla hayajapotea. Imeokoa hesabu za maduka, mitihani ya shule, hata picha za harusi ambazo bwana harusi mwenyewe alikuwa keshaoa tena. Mjini waliiita sidii ya Zuhra, na waliisema kama watu wanavyosema dawa ya fulani.

Jumamosi moja ya Machi 2014, saa mbili asubuhi, alipofika dukani alikuta watu wawili wameketi kwenye benchi la barazani. Mmoja alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la suti lililokwisha viwiko, amepakata kompyuta ya mezani iliyofungwa blanketi kama mtoto mchanga. Wa pili alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye kikapu cha maharage miguuni. Zuhra akawasalimu, akahangaika na kufuli za milango, akawakaribisha ndani. Wakati huo mzee alikuwa ameinamia mashine yake, anaifungua blanketi taratibu, anaipapasa kwa ndani.

"Mimi ni Pasikali Nsabimana, wa Nyakitonto," alisema. "Huyu ni Mama Pelagia, ametoka Kumsenga, Kibondo. Ndani ya mashine hii kuna salamu yake."

"Salamu?"

"Salamu. Haijamfikia."

Basi wakamweleza. Pasikali alikuwa karani wa darasa la watu wazima katika kambi ya Mtabila. Kambi ilipofungwa, mwisho wa mwaka 2012, darasa liliachiwa kompyuta moja kuukuu, na yeye akaichukua. Pelagia hakuwa mkimbizi. Alikuwa Muha wa kijiji cha jirani, aliyepeleka mihogo kambini kila wiki kwa miaka kumi na mitatu, na kila wiki alipokelewa na mwanamke mmoja wa kutoka Rutana, ng'ambo ya mpaka, jina lake Esteri. Esteri ndiye aliyemfundisha akazehe.

Akazehe ni salamu ya wanawake wa kule. Haisemwi, huimbwa. Wawili hushikana mikono, mmoja akaanza, akauliza watoto, shamba, ng'ombe, mume, usingizi. Mwenzake akamjibu akifuatia pumzi yake, mpaka pumzi zote mbili zimekwisha, ndipo watu huachiana mikono na kuanza mazungumzo. Salamu kama hiyo haiachwi nusu.

"Tulikubaliana nitakwenda kumsindikiza siku wanarudishwa kwao," alisema Pelagia. "Kumbe binti yangu akashikwa na uchungu Kumsenga, mimba haijatimia, nikapanda gari mbio, sikumuaga hata Esteri. Niliporudi Mtabila, mwana wanje, mwanangu, palikuwa na matofali tu. Hata mbuzi hakuna. Wakaniambia Esteri aliimba akazehe yangu kwenye mashine ya Pasikali, kisha akapanda lori."

"Aliimba nini?" Zuhra akamgeukia mzee.

"Nitajuaje? Nilimwonyesha pa kubonyeza, nikatoka nje. Mwanamume hasimami katikati ya akazehe."

Pelagia alichukua punje ya haragwe akaitazama. "Ndani ya akazehe mtu anaweza kukusifu. Anaweza pia kukulaumu. Anakufichia jiwe katikati ya asali, unalimeza ukiwa unacheka. Mwaka na miezi mitatu sijui nimeachiwa asali au jiwe."

Huko Nyakitonto hakuna umeme, na Pasikali hakujua Pelagia alihamia wapi, hadi walipokutana mnadani wiki iliyopita. Wakaikodia mashine bodaboda. Tena kulikuwa na nafasi: mpwa wa Esteri, kijana Ndayisenga, mfanyabiashara wa mawese, alikuwa Kasulu na angevuka kwenda kwao Jumatano alfajiri. Jibu lolote lingekwenda naye. Baada ya hapo, msimu wa mawese ukikwisha, harudi tena hadi mwakani.

"Tuiwashe," alisema Zuhra.

Akaichomeka pale pale. Skrini ikaandika mistari miwili ya malalamiko, ikamtaka abonyeze kitufe aendelee. Akabonyeza bila kusoma. Mashine zote za Kasulu hulalamika zikiamka, na ukiyasikiliza malalamiko yote, jua litakuchwea. Mara skrini ikageuka buluu, ikajizima, ikawaka, ikawa buluu tena. Zuhra hakushtuka. Akaitia AMKA mdomoni mwake. Sidii ikazunguka, ikavuma, ikafungua ukurasa wake uliozoeleka, na katikati ya ukurasa ikaandika: hakuna diski iliyopatikana.

Hapo akashtuka. Katika miaka mitatu sidii ile ilikuta diski zilizochoka, zilizokwaruzika, zilizolowa. Haikuwahi kusema hakuna.

Alifungua ubavu wa mashine. Diski ilikuwa mahali pake. Akauchomoa waya wa data, akaupuliza, akaurudisha. Akabadilisha waya. Akabadilisha waya wa umeme. Akainamisha kichwa, akaweka sikio juu ya diski, akafumba macho. Ilikuwa inazunguka vizuri kabisa, sauti laini, ya paka aliyeshiba.

"Inasemaje?" Pelagia alinong'ona.

"Inasema ipo. Sidii inasema haipo."

"Basi mmoja wao mwongo."

"Au hawajuani," alisema Zuhra, naye hakujua ni kwa nini alisema hivyo.

Jumapili aliunguza sidii nyingine, nakala ya AMKA, polepole, kwa kasi ya chini kabisa, akidhani ya kwanza imechakaa. Ikaandika maneno yale yale. Akafikiri kuitoa diski aipachike kwenye mashine nyingine, lakini mashine zake mbili za dukani zilikuwa za zamani, za waya mpana kama utepe, na diski hii ilikuwa ya tundu jembamba. Kifaa cha kuiunganisha alikuwa nacho, ila alimwazima fundi mwenzake wa Kibondo, Shamsi. Akampigia.

"Dada Zuhra! Kifaa chako kipo, kinakusalimu."

"Kisinisalimu, kije. Kitie kwenye basi la leo."

"La leo limeshapita. Kesho, wallahi."

"Shamsi, kesho yako naijua. Ina ndevu."

Jumatatu basi la Kibondo likafika bila kifaa. Konda alisema hakupewa kitu. Jirani wa Zuhra, Abdalah, muuza chaja na kava za simu, akaegemea mlango na kuchungulia.

"Tabibu, maiti wako hajafufuka?"

"Hajafa, Abdalah."

"Futa kila kitu, weka programu mpya. Mbona kazi ya nusu saa?"

"Utafuta nini, na sidii haioni pa kufuta?"

"Ahaa. Basi hata kufa hawezi. Kazi unayo."

Pelagia alikuja kila siku, akaketi kwenye lile benchi, akichambua maharage yasiyokwisha. Alilala kwa jamaa wa parokiani. Kila Zuhra alipoinua kichwa alimkuta akimtazama, kisha anarudi haraka kwenye punje zake kama aliyekamatwa na kosa. Na Pasikali alisimama nje, mgongo kwa duka, mikono nyuma, akiulinda mlango dhidi ya mtu yeyote na dhidi ya hakuna mtu.

Usiku wa kuamkia Jumanne Zuhra aliota. Aliota yuko katika mji wenye ukungu, anabisha mlango wa nyumba anayoijua, na ndani mtu anaitikia hodi, karibu, karibu, lakini mlango hauonekani ulipo. Anapapasa ukuta. Ukuta ni wa kanga. Kisha akamwona baba yake ameketi juu ya marobota akitazama saa ya mkononi, anaitikisa, anaiweka sikioni. "Mwanangu," akamwuliza, "leo tarehe ngapi?" Zuhra hakujua. Aliamka akiwa bado hajui.

Mtu anayekaa na mashine huzoea kuota upuuzi, na Zuhra hakuwa mtu wa kupiga ramli. Lakini swali lile lilimfuata dukani, na saa nne asubuhi, alipoitia AMKA kwa mara ya ishirini na kuona hakuna, macho yake yalitelemka chini kwenye kona ya skrini, mahali ambapo hakuna anayetazama. Palikuwa na saa na tarehe. Tarehe nne Januari, 2007. Saa nane na dakika kumi, usiku.

Akacheka peke yake. Januari, na nje masika. Usiku, na jua linahangaika kupenya ukungu. Mashine ilikuwa inaota.

Halafu akaacha kucheka.

Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo, bapa, mfano wa kifungo cha koti. Ndiyo inayoikumbusha mashine mambo yake inapokuwa imezimwa: leo ni siku gani, diski yako ni ya aina gani na uiite vipi. Betri ikifa, mashine husahau yote ikarudi siku iliyozaliwa kiwandani. Zuhra akafungua ubavu, akaichomoa betri, akaipima. Ilikuwa nzima. Haikuwa imekufa hata kidogo. Na juu ya ule mng'aro wake palikuwa na alama ya kidole gumba, imekauka pamoja na vumbi jekundu la Nyakitonto.

Akaketi. Akahesabu kwa vidole kama mtoto. Mashine hii huanza kuhesabu upya tarehe mosi Januari, saa sita usiku. Sasa iko tarehe nne, saa nane. Ni siku tatu na saa mbili. Leo Jumanne saa nne asubuhi. Rudi nyuma siku tatu, ni Jumamosi saa nne. Rudi saa mbili.

"Mzee Pasikali," aliita. "Hebu ingia."

Mzee akaingia, akavua kofia.

"Jumamosi saa mbili asubuhi, ulipokuwa umekaa pale barazani, uliifanya nini mashine?"

Pasikali alimtazama. Akamtazama Pelagia. Akaitazama skrini, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Nani amekwambia?"

"Yenyewe."

"Inasema watu?"

"Inasema saa tu. Mengine utasema wewe."

Mzee akakaa kwenye ukingo wa kiti. Alizungusha kofia yake mara tatu kabla ya kusema. "Nilikuwa nairudishia betri. Niliitoa nyumbani, nikaifunga kwenye leso, nikaitia mfuko wa shati."

"Kwa nini, baba yangu?"

"Tunasafiri," alisema, akishangaa kwamba jambo hilo linaulizwa. "Redio haisafiri na betri."

Ni Pelagia aliyemsaidia, maana alikwisha kukaa na wakimbizi wale miaka mingi. "Ndivyo wanavyofanya wote, fundi. Walivyokimbia kwao, njiani kulikuwa na wenye bunduki. Redio ikisema, wanaichukua. Ikiwa bubu, wanaitupia mbali, wanasema hiyo imekufa, pita. Kwa hiyo redio unaifunga huku, betri unazificha kule. Hata leo, akipeleka redio kanisani, anatoa betri kwanza."

"Nilikuwa na miaka sita," alisema Pasikali. "Baba yangu alibeba redio. Betri nilibeba mimi, ndani ya kibuyu cha unga. Tulivuka nayo. Kila kilichokuwa cha maana kilichukuliwa, redio ikavuka." Akainamisha kichwa. "Nimeiua salamu ya mama huyu?"

"Hukuiua," alisema Zuhra. "Uliisahaulisha njia. Na kama kuna mwenye kosa ni mimi. Jumamosi ilipoamka, ilisema: nimesahau tarehe yangu. Iliandika kabisa. Nikabonyeza nipite."

Akairudisha betri. Akaiwasha mashine, na safari hii akafungua ukurasa wa ndani, ule wa mipangilio, akausoma mstari kwa mstari bila kuruka. Akaukuta. Mahali pa diski, mashine ilikuwa imerudia desturi ya kiwandani: ilingoja diski kadhaa zilizofungwa pamoja kama kundi, na kuziita kwa lugha ya kundi. Hapa diski ilikuwa moja, na sidii yake ya kijani haikuwahi kufundishwa lugha ile. Siku zote tatu diski iliitika hodi, na sidii haikuujua mlango. Aliyewahi kuitengeneza mashine kambini alikuwa ameipanga vingine. Zuhra akashusha mshale, akachagua ule mpango mwepesi wa diski moja, akahifadhi. Akaandika pia tarehe ya leo, saa ya leo.

AMKA ikazunguka. Katikati ya ukurasa ikaandika: diski moja imepatikana.

Pasikali alitoka nje bila kuambiwa. Walimwona kupitia mlango amesimama mahali pake, mgongo kwao, akimsukuma Abdalah kwa mkono mmoja arudi kwenye chaja zake.

"Kuna nini humo?" Abdalah aliuliza.

"Mambo ya wanawake. Nyamaza."

Faili la sauti lilikuwa peke yake katika folda iliyopewa jina la darasa. Zuhra alinakili kwanza, mara mbili, ndipo akafungua. Pelagia aliweka kikapu chini. Kukasikika upepo kidogo, kiti kinavutwa, mtu anakohoa. Kisha sauti ya mwanamke ikapanda, nyembamba, ya haraka, ikishuka na kupanda kama njia ya mlimani, ikamwita Pelagia kwa jina lake, na kwa jina la baba yake, na kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Halafu ikakatika.

Zuhra akaruka. Mkono wake ulikwishafika kwenye kipanya. Moyoni alisema: imeharibika, diski imeharibika hapa katikati, kumbe ilikuwa mgonjwa kweli. Lakini ule mstari wa muda ulikuwa unakwenda, na ndani ya kimya kile kulikuwa na upepo uleule, na mtu akipumua. Sekunde saba, nane. Sauti ikarudi, ikauliza jambo, Zuhra akalielewa kwa Kiha chake: yule binti wa Kumsenga, je, amejifungua salama? Je, mtoto analia kwa nguvu? Kisha ikanyamaza tena.

Esteri alikuwa anajua, pengine kwa majirani. Alijua mwenzake yuko wapi, alijua kwa nini hakuja. Na kila alipomaliza pumzi yake alisubiri, katika chumba kitupu cha darasa, mbele ya mashine, muda ule ule ambao Pelagia angehitaji kujibu.

Zuhra alilielewa hilo na Pelagia wakati mmoja. Mama alikuwa ameinuka. Alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, hewani, viganja juu, vidole vikajikunja juu ya vidole visivyokuwapo. Kimya cha tatu kilipofika, akaingia. Sauti yake ilikuwa nzito, ina kutu, ikajikwaa mwanzoni ikashika. Amejifungua. Mtoto ni wa kike. Analia kama mnada. Ameitwa Esteri. Na sauti ya ndani ya mashine ikaja juu yake bila kuchelewa wala kuwahi, ikauliza shamba, ikajibiwa shamba. Ikauliza usingizi, ikajibiwa usingizi. Zuhra alishika simu yake, akabonyeza kurekodi, akaisogeza karibu, akafumba macho.

Ukimsikiliza mtu umefumba macho, huwezi kujua ni yupi yupo chumbani na ni yupi hayupo. Zilikuwa sauti mbili, zimeshikana, zinapanda. Nje ukungu ulikuwa bado haujainuka, na wauza ndizi, waliokuwa wakipita bila kuonekana, wakasimama.

Akazehe ilikwisha zilipokwisha pumzi. Ndani ya mashine kikasikika kiti kinasukumwa, hatua, mlango. Pelagia aliendelea kunyoosha mikono kitambo, kisha akaiachia polepole, kama mtu anayemwachia mwenziwe aende. Akaketi. Akaokota haragwe moja lililoanguka sakafuni, akalifuta kwa kanga, akalirudisha kikapuni.

"Hakuna jiwe," alisema.

Jioni Ndayisenga akaja na simu yake. Zuhra akatia sauti zile mbili kwenye kadi ndogo, kubwa kidogo kuliko ukucha, akaipachika ndani ya simu, akamwonyesha pa kubonyeza akifika Rutana, na akamsisitizia atoke nje mara atakapobonyeza. Kijana akacheka, akaahidi. Pasikali aliyekuwa akifunga mashine yake katika blanketi, betri safari hii ikiwa tumboni mwa mashine, akaacha kufunga. Akamkaribia kijana, akamshika kiwiko.

"Mpakani," alisema, "kabla hujafika, itoe betri. Simu weka huku. Betri weka kule."

Ndayisenga akamgeukia fundi, kama anayemwuliza huyu mzee anasema nini.

"Fanya anavyokwambia," alisema Zuhra.